Msiujaribu Mfumo kwa Akiba Zetu: Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Sako Yetu

Mombasa

Kwa Mwenyekiti, Mweka Hazina, Meneja Mkuu na wanahalmashauri wote

KUH: UBORA WA MFUMO MPYA WA KOMPYUTA NA HASARA WANAYOIPATA WANACHAMA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima na taadhima. Barua hii naiandika hadharani kwa sababu zile za faragha hazikufika popote. Nimelalamika kaunta, nimeiandikia ofisi ya meneja, nimezungumza na mjumbe wetu wa Kisauni, na jibu limekuwa moja: "Tunalishughulikia." Jina la sako, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, silitaji hapa, maana sitaki watu wapigane vikumbo kuondoa akiba zao. Wanachama watajijua, nanyi mtajijua.

Kazi yangu ni kupima programu za kompyuta. Nalipwa kuzitafutia makosa kabla hazijamfikia mtumiaji. Kwa hiyo haya yanayotupata kwenye simu zetu tangu mlipotuhamishia mfumo mpya hayanishangazi hata kidogo. Kila kosa nalitambua, na kwa kila kosa kuna kipimo cha kawaida ambacho kingelinasa. Hapo ndipo panaponiuma. Kasoro hizi zilistahili kutafutwa na mtu anayelipwa, kwenye kompyuta ya majaribio, kwa akaunti za kubuni. Badala yake zimegunduliwa na wachuuzi wa soko la Kongowea, madereva wa tuktuk na wapakuzi wa bandarini, kwa pesa zao halisi. Mmetufanya wajaribu wa mfumo bila mshahara na bila kutuuliza.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tulihamishwa kwa wikendi moja

Ijumaa jioni tulikuwa kwenye mfumo wa zamani. Jumatatu asubuhi tukaamkia mpya, na ule wa zamani ukazimwa. Haukuwapo hata mwezi mmoja ambao mifumo yote miwili iliendeshwa sambamba, salio la kila mwanachama likalinganishwa huku na huku hadi senti ya mwisho. Matokeo tunayaona. Wapo ambao hisa zao zimehesabiwa kama akiba. Wapo ambao mkopo walioumaliza na kupewa barua umefufuka. Wapo walioingia kwenye mfumo na namba ya simu waliyoiacha zamani, kwa hiyo taarifa zao zinamfikia mtu wasiyemjua.

Kosa hili wamelifanya na wakubwa. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja wake kwenye mfumo mpya kwa wikendi moja. Wateja hadi milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 wadhibiti wakaitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Wale walikuwa na idara nzima za wataalamu. Sisi tulikuwa na mkandarasi mmoja na karamu ya uzinduzi.

Kuendesha mifumo miwili sambamba kuna kero yake, sikatai. Karani huandika jambo moja mara mbili, foleni hurefuka, watu hununa. Lakini ni kero ya mwezi mmoja au miwili, na kila tofauti inayojitokeza hupatikana wakati bado lipo daftari la kuitolea hukumu. Mkishazima la zamani, mnabishana na mwanachama mkiwa hamna shahidi.

2. Malipo ya simu huandikwa mara mbili, au yasiandikwe kabisa

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo pesa zinapopotelea. Mwanachama akilipa kwa M-Pesa, hela hutoka kwenye simu yake, kisha kompyuta za M-Pesa huiarifu seva, yaani kompyuta kuu, ya sako: namba hii imelipa kiasi hiki kwenye akaunti hii. Kila muamala huja na namba yake ya herufi na tarakimu kumi, ile mnayoiona kwenye ujumbe, na namba hiyo ni yake peke yake. Sasa, mtandao una tabia zake. Seva ya sako ikichelewa kuitikia, taarifa ileile yaweza kuletwa tena. Mfumo ulioundwa sawasawa huitazama kwanza namba ya muamala. Ikiwa imekwisha kuandikwa, hujibu kwamba umepokea na hauandiki mara ya pili. Mfumo wetu huandika tena.

Atatokea mtu aseme, basi mwanachama kafaidi. Afaidi wapi! Mama mmoja anayeuza mitumba Kongowea alilipa marejesho ya shilingi 4,500, yakaandikwa mara mbili. Siku chache baadaye mtu wa ofisini akaona, akasahihisha kwa mkono, na katika kusahihisha akayafuta yote mawili. Mfumo ukamhesabu hakulipa. Ukampiga faini, kisha ukawatumia wadhamini wake ujumbe kwamba mtu wao ameshindwa kulipa deni. Uzito wa jambo hilo hapa kwetu mnaujua. Mdhamini ni shoga yako, ni jirani, ni wifi, aliyeiweka akiba yake rehani kwa ajili ya jina lako. Ujumbe ule ukishaingia kwenye simu yake, risiti utakayomwonyesha jioni haifuti alichokwisha kukiwaza tangu asubuhi.

Kipimo cha kulinasa kosa hili ni rahisi. Unaituma taarifa ileile mara mbili. Halafu unazituma mbili kwa wakati mmoja. Halafu unaukata mtandao katikati, baada ya malipo kuandikwa na kabla ya jibu kutoka, uone mfumo utafanya nini ukirudi. Mpimaji yeyote akikabidhiwa mfumo wa malipo huanzia hapo, kabla hata hajatazama rangi za skrini.

Na hata hilo likipita, kuna kinga ya pili: kulinganisha hesabu kila usiku. Orodha ya miamala kutoka M-Pesa upande mmoja, daftari la sako upande wa pili. Muamala uliopo huku na haupo kule unapata mtu wa kuufuatilia kabla ya kaunta kufunguliwa. Mhasibu wetu wa zamani, yule aliyestaafu, alifanya hivyo kwa kalamu na rula. Leo hela ya mwanachama inatoka kwenye simu, haionekani kwenye akaunti, na anayeigundua ni yeye mwenyewe baada ya wiki mbili.

3. Tarehe na senti

Aliyechukua mkopo tarehe 31 ana siku ya kulipa ambayo miezi mitano ya mwaka haina. Mfumo wetu, badala ya kuirudisha siku hiyo kwenye mwisho wa mwezi, humhesabu kachelewa. Wapimaji tuna kanuni ya mipaka: makosa hukaa ukingoni, nadra yakae katikati. Ukiupima mfumo kwa tarehe 15 utaona mambo shwari. Upime kwa tarehe 31, kwa 29 Februari, kwa mkopo unaolipwa siku ya sikukuu, kwa kiwango cha juu kabisa cha mkopo na kwa kiwango hicho ukiongeza shilingi moja.

Halafu kuna riba ya akiba. Nimeikokotoa yangu na ya wenzangu kadhaa walionionyesha taarifa zao. Mfumo hukata senti zilizobaki badala ya kuzikadiria, na kila mara panapokatwa ni upande wa mwanachama. Mtasema ni senti tu. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei Januari 1982 kikiwa 1000. Kila hisa zilipouzwa kompyuta ilikihesabu upya na kuzitupa tarakimu zilizozidi nafasi tatu za desimali. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisomeka 524 na kitu, ilhali bei zenyewe hazikuanguka hivyo. Kilipokokotolewa upya kikazidi 1098. Zaidi ya nusu ya kipimo kizima ilikuwa imeliwa na vipande vidogo kuliko sehemu moja kati ya elfu ya nukta.

4. Kasoro iliyotengenezwa hurudi

Akiba ya mdhamini hufungwa mkopo unapotolewa na hufunguliwa mkopo unapoisha. Ilikuwa haifunguki. Tulilalamika, ikatengenezwa, tukashukuru. Likaja toleo jipya la programu ya simu na ugonjwa ukarudi vilevile. Maana yake ni moja: toleo linapotoka hakuna anayerudia vipimo vya yale yaliyokwisha kutengenezwa. Kila kasoro inayorekebishwa yapaswa kuachiwa kipimo chake cha kudumu, kinachojiendesha chenyewe kila msimbo, yaani maandishi ya programu, unapoguswa, na kikikataa toleo lisitoke.

5. Siku za mishahara mfumo hulala

Watu wa bandarini na wa hotelini hulipwa karibu siku moja na huingia kwenye mfumo kwa pamoja. Jambo ambalo tarehe yake iko kwenye kalenda haliwezi kuitwa dharura. Mfumo hupimwa kwa umati wa kubuni kabla ya kukutana na umati wa kweli.

6. Mwanachama ndiye mkosaji mpaka athibitishe vingine

Hili ndilo lililonitoa barua hii. Ukifika kaunta, la kwanza unaloambiwa ni: "Mama, mfumo haukosei, labda ulibonyeza vibaya." La pili: "Mbona ni wewe peke yako unayelalamika?" Karani simlaumu. Ndivyo alivyoelekezwa, na hana pa kuandika malalamiko ila kwenye kikaratasi kinachopotea kabla ya saa ya chakula.

Maneno hayo mawili yamewahi kuwafunga watu. Posta ya Uingereza ilianza mwaka 1999 kuweka kwenye vituo vyake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwapo. Wenye vituo, watu wa maduka ya mitaani kama haya yetu ya Majengo na Bondeni, wakatakiwa walijaze pengo kutoka mifukoni mwao. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa hakuna mwingine mwenye shida kama yao. Sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu alete ushahidi wa kinyume, na ushahidi wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta ambayo mshtakiwa haifikii. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na kughushi hesabu. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu ule, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta mamia ya hukumu kwa mkupuo.

Sako yetu haijamshtaki mtu. Lakini imekwisha kumpiga mtu faini kwa kosa la mfumo, imekwisha kuwaita wadhamini wake, na imekwisha kumwambia yuko peke yake. Nami najua hayuko peke yake kwa sababu tumezungumza sisi kwa sisi, kwenye foleni ya feri na kwenye vikundi vya simu. Karani wa Likoni na karani wa Changamwe wanasikia hadithi ileile wiki ileile, na hakuna daftari moja la kuzikutanisha. Kasoro zisipoandikwa mahali pamoja, kila mlalamikaji atabaki peke yake daima dumu.

Majibu yenu nayajua, mengine nimekwisha kupewa. Niyatangulie.

Mtasema mfumo huu unatumiwa na sako nyingine na hauna shida. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na programu ya uelekezi iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta matata. Lakini Ariane 5 ilikuwa na mwendo wake. Namba ya kasi ya mlalo ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa, kompyuta ya uelekezi na ile ya akiba yake zikazima, na sekunde zisizozidi 40 tangu kuondoka roketi ikapinda na kulipuka. La kusikitisha zaidi, kipande kile cha programu hakikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka ardhini. Kiliachwa kikiendelea kwa sababu huko nyuma kilifaa. Sasa tazameni sako hizo nyingine mnazozitaja. Wanachama wao ni walimu na watumishi wa serikali, mwajiri hukata mara moja kwa mwezi na kuleta orodha moja. Wetu huweka shilingi hamsini leo, mia kesho, kila mtu kwa simu yake, mara nyingine mbili kwa siku soko likichangamka. Mfumo uliozoea orodha moja kwa mwezi haujawahi kukutana na watu kama sisi, na aliyetakiwa kuwakutanisha ni mpimaji, kwenye kompyuta ya majaribio.

Mtasema mkandarasi aliwafanyia onyesho na wote mkaridhika. Onyesho ni njia aliyoichagua mwenye mfumo, akaipita mara kumi nyumbani kwake kabla ya kuja. Kupima ni kupita asikotaka upite. Na haifai kabisa aliyejenga awe ndiye pekee aliyepima na ndiye aliyeandika kwamba kazi ni njema.

Mtasema kupima ni ghali. Tayari mnalipa: saa za ziada za makarani wanaosahihisha kwa mkono, wanachama wanaoondoka, mikopo inayobishaniwa. Mnachokosa ni stakabadhi tu.

Mtasema hakuna programu isiyo na kasoro. Hapo tunakubaliana kabisa. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alikwisha kueleza tangu miaka ya mwisho ya 1960 kwamba kupima kunaweza kuonyesha kasoro zipo, hakuwezi kuthibitisha hazipo. Lakini kauli hiyo inawabana ninyi zaidi kuliko mimi. Ikiwa mnajua kasoro zitakuwapo, iko wapi njia ya kuzipokea? Toleo likiharibika mtarudije kwenye lile la jana? Nani anaamua kasoro gani ikeshewe usiku huohuo na ipi isubiri? Anayesema "mfumo haukosei" kaunta na anayesema "hakuna mfumo usiokosea" bodini wanafanya kazi jengo moja.

Na mtasema mambo ya mfumo ni siri kwa ajili ya usalama. Tangu Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, hakuna Mkenya asiyeyajua maneno "fungua seva," yale ya wapinzani waliodai kuonyeshwa kompyuta za tume ya uchaguzi. Mimi siombi mfungue seva. Naomba ripoti ya vipimo, yenye majina ya vipimo na matokeo yake. Haina namba ya siri ya mtu ndani yake.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na nayaomba kwa maandishi.

(a) Kuanzia leo, mwanachama anapobishania muamala na ana namba ya M-Pesa mkononi, faini isimame na ujumbe kwa wadhamini usitoke mpaka sako ionyeshe kwa kumbukumbu zake kwamba pesa haikufika. Hili halihitaji mkandarasi wala bajeti. Linahitaji agizo la mstari mmoja kutoka kwa meneja. Wale ambao wadhamini wao wamekwisha kutumiwa ujumbe kimakosa watumiwe ujumbe mwingine wa kuwasafisha, kwa simu zilezile.

(b) Daftari moja la kasoro kwa matawi yote. Kila lalamiko lipate namba, tarehe, uzito wake, aliyekabidhiwa, na jibu la chanzo chake. Idadi ya zilizofunguliwa na zilizofungwa ibandikwe ukutani kila mwezi, karibu na viwango vya riba.

(c) Ripoti ya vipimo vya kupokea mfumo iwekwe wazi. Kama haikuwahi kuandikwa, semeni hivyo. Kisha ateuliwe mpimaji huru, na anayemteua awe Kamati ya Usimamizi tuliyoichagua sisi, asiwe mkandarasi wala idara iliyomleta mkandarasi. Aanze na malipo ya simu, tarehe za mipakani, riba, na kufunguliwa kwa akiba za wadhamini. Apimie kwa data ya kubuni. Taarifa zetu halisi zisinakiliwe kwenye kompyuta za majaribio za mtu yeyote.

(d) Salio zote zilinganishwe upya na nakala ya mwisho ya mfumo wa zamani, na kila mwanachama atumiwe taarifa yake aikubali au aipinge. Najua nakala ipo. Kama haipo, tuna tatizo kubwa kuliko barua hii.

(e) Matoleo mapya yaanzie tawi moja dogo, yakae huko wiki mbili, ndipo yaende kwingine; na kabla ya kutoka iwepo njia iliyojaribiwa ya kurudi nyuma. Msitoe toleo katika siku tano za mwisho wa mwezi. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili moja yenye kasoro duniani kote kwa mara moja, na kompyuta takriban milioni 8.5 zikaanguka, safari nyingi za ndege zikakwama. Wangeanza na kompyuta chache, wangeliona tatizo kabla ya chai.

(f) Mkataba urekebishwe, na hili ndilo lenye mizizi. Kabrasha la mkutano mkuu lilisema tunanunua mfumo "wa kisasa, wa haraka na rahisi kutumia." Sentensi hiyo haipimiki, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuikataa kazi. Kupima ni sehemu tu ya kuhakikisha ubora. Ubora wenyewe huanza pale mnapoandika mnachokitaka. Andikeni hivi: taarifa moja ya malipo ikiletwa mara tatu iandikwe mara moja, akiba ya mdhamini ifunguke ndani ya saa moja mkopo ukiisha, siku ya mshahara ombi la salio lijibiwe ndani ya sekunde tano. Sentensi kama hizo mtu yeyote aweza kuzisimamia, hata asiyejua kompyuta. Viwango vya kimataifa vipo, ISO/IEC 25010 kuhusu sifa za ubora wa programu na ISO/IEC/IEEE 29119 kuhusu upimaji. Mkandarasi aulizwe anafuata kipi, na aonyeshe kwa hati. Sehemu ya malipo yake ibaki kwenu mpaka vipimo vipite.

Naomba jibu ndani ya siku 21. Lisipokuja, nitaomba ripoti hizo rasmi chini ya Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mwingine inapohitajika kulinda haki yake. Wanachama wenye taarifa za uongo kwenye akaunti zao wataomba zisahihishwe chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Malalamiko ya faini tutayapeleka kwa mamlaka inayosimamia sako, SASRA, na kwenye mahakama ya mizozo ya ushirika ikilazimu. Na kwenye mkutano mkuu ujao nitasimama niombe jambo hili liwe ajenda kabla ya gawio, maana gawio lililokokotolewa na mfumo huu nalo lina maswali yake.

Orodha ya vipimo ambavyo ningevianza iko tayari, nami nitaitoa bure kwa Kamati ya Usimamizi wakati wowote. Kazi yenyewe ya mpimaji huru siitaki, na mtu aliyeandika barua kama hii hafai kupewa.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama, eneo la Kisauni

Nakala: Kamati ya Usimamizi, wajumbe wa maeneo yote, wanachama